Jiwe la Mwalimu Yoramu

Jumatatu, 18 Novemba

Ijumaa linaletwa tangi la kuvunia mvua, lita elfu tano, kutoka Mpwapwa. Watoto wetu hapa Mlali wataacha kubeba madumu kutoka korongoni. Ila pale litakapokaa pamekaa jiwe. Kubwa kama ng'ombe aliyelala! Mwalimu Mkuu, Mama Elieth, kasema mahali pasipokuwa tayari, tangi linakwenda shule nyingine. Mwalimu Seth wa michezo akashauri tuite trekta. Trekta! Na mimi ninayefundisha mashine rahisi darasa la sita nipo? Nikasimama, nikaahidi kuling'oa kwa wenzo tu, bila tone la dizeli. Mwalimu Evodia akanitazama. Tangu ahamie kutoka Bukoba hajawahi kunitazama muda mrefu hivyo. Sekunde nne.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeazima mtaimbo. Nikawatoa darasa la sita nje wajionee: kani, mzigo, egemeo. Egemeo nikaliweka karibu nami, nilione vizuri. Nikakandamiza. Nikaning'inia. Nikaurukia. Jiwe wala! Mtaimbo ukapinda kama ndizi. Mwalimu Evodia akapita na madaftari, akauliza kwa upole kama egemeo halipaswi kuwa karibu na mzigo. Nikamjibu nilikuwa nasubiri mwanafunzi agundue. Seth alicheka mpaka filimbi ikamdondoka.

Alhamisi, 21 Novemba

Jana mgongo ulinilaza kitandani. Leo ushindi! Gogo refu, egemeo karibu na jiwe (nimegundua mwenyewe). Nikakandamiza kwa mikono miwili tu, jiwe likainuka, likapinduka! Vigelegele! Nilikuwa bado nainama kupokea sifa lilipopinduka tena. Na tena. Nilisahau uwanja wetu una mteremko. Kitu kikishaanza kwenda huendelea mpaka kizuiwe. Nimelifundisha hilo miaka tisa, sikuwahi kuliamini kiasi hiki. Nikalikimbilia nikipunga mikono kama trafiki. Watoto wote walikuwa upande wa juu, Mungu ni mwema. Likapita kwenye mchicha, likaikosa pikipiki ya Seth kwa upana wa kiganja (inasikitisha), likasimama katikati ya geti. Limetoshea kana kwamba lilipimwa.

Mama Elieth alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akalitazama tena.

Ijumaa, 22 Novemba

Gari limefika saa tatu. Pa kuingilia hapana. Dereva akasema ana safari nyingine, akawasha injini ageuze. Mama Elieth akamsihi asubiri. Nilijisikia mdogo kuliko punje ya uwele. Nikachuchumaa haraka, nikachora mavumbini mpango wa kapi tatu. Nilipoinua kichwa, Evodia na Mama Elieth walishalishusha tangi, wanaliviringisha kupitia pengo la ua. Tangi tupu ni jepesi! Sikulifikiria.

"Sogea, mwalimu, litakukanyaga," Evodia akaniambia.

Nikasogea. Kisha nikashika upande wa nyuma, mimi na Seth, bega kwa bega. Lazima nikiri, ana mabega mazuri. Saa nne tangi lilikuwa limekaa mahali pake.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua tangu alfajiri! Maji yakagonga ndani ya tangi kama ngoma. Mama Elieth alinikingia kikombe cha kwanza, akasema bila mimi mahali pa tangi pasingepatikana. Nikanywa polepole, nisionekane macho yalivyolowa.

Kanisani, Mchungaji akatangaza kengele mpya imefika, kilo mia mbili, inatakiwa kupandishwa mnarani. Akauliza nani anamjua fundi mwenye winchi. Winchi! Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Kapi moja juu ya boriti, kamba moja, kengele upande huu, mimi upande ule. Nina kilo sitini na mbili, lakini nina elimu.

Baada ya ibada nimemwalika Mwalimu Evodia aje aone. Akafikiri kidogo. Kasema atakuja, ila atasimama mbali.

Atakuja!