Chati ya Matumbo ya Kyela

Jumatatu, 6 Mei 2024
Mvua tena. Saa nne nzima kwenye benchi la kliniki, mgongo umekufa. Mke wangu Samira yuko wiki ya thelathini na mbili. Mashine ya utrasaundi inasema mtoto ni mdogo kuliko wiki zake. Mdogo! Wa kwangu mimi Andongwisye, fundi cherehani wa Ipinda, niliyezaliwa kilo nne na nusu!

Nikamuuliza Daktari Lusungu, mdogo kuliko nani? Akaeleza kwa upole kuwa chati ya ukuaji wanayotumia imetokana na watoto wa nchi nyingine, na wapo watu ambao watoto wao huzaliwa wadogo na wazima kabisa. Ila turudi baada ya wiki mbili. Asipokua, rufaa Mbeya. Mimi masikio yangu yaliishia kwenye “nchi nyingine”.

Baba mkwe, Mzee Mikidadi wa duka la vitenge, amefurahi. Anasema hiyo ni damu ya Kilwa, wanawe wote saba walizaliwa wadogo. Ameshaanza kuchagua jina.

Jumatano, 8 Mei
Nimepata dawa yao. Ninalo daftari la vipimo vya wateja, miaka kumi na moja. Wajawazito hamsini na saba! Nimeandika kabila kando ya kila jina. Tumbo la Kinyakyusa, la kwetu: inchi arobaini na tatu. La pwani: thelathini na tisa. Samira: arobaini na moja. Katikati kabisa, panapomstahili mtoto wa mchanganyiko. Nimeichora chati nyuma ya kalenda, kwa kalamu nyekundu.

Nikamwonyesha Naomi, mteja wangu wa siku nyingi, nafasi yake. Inchi hamsini, anaongoza. Akasema mwaka ule hakuwa na mimba. Kitambaa chake sasa kiko kwa Jubilate, fundi wa ng'ambo ya barabara.

Jumamosi, 11 Mei
Mama amefika kutoka Mwaya na mikungu miwili ya ndizi. Anamlisha Samira kama anayejaza gunia. Samira anamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, mama, na kunitazama mimi vibaya. Nampima kila asubuhi. Arobaini na moja, arobaini na moja. Leo arobaini na mbili! Nilipima baada ya chakula, lakini inchi ni inchi.

Jumatatu, 20 Mei
Siku ya kurudi kliniki. Nimesema hakuna haja. Barabara ni tope, na chati yangu inatosha. Samira akaitia kadi ya kliniki kwenye mkoba.

Hapa hakuna anayesoma, basi niseme. Naogopa. Sijalala vizuri tangu siku ile. Mashine ikisema hajakua, nitafanya nini? Futi yangu ya kupimia nguo haiwezi kuniambia neno kama hilo.

Saa tano narudi nyumbani, Samira hayupo. Kaenda na baba yake. Nikapanda bodaboda hadi kliniki, chati ndani ya mfuko wa nailoni. Daktari aliitazama kwa heshima, akauliza kama kuna mwanamke yeyote niliyempima mara mbili. Zaidi ya Samira, hakuna.

“Fundi,” akasema, “mtoto huyu simlinganishi na kabila. Namlinganisha na yeye mwenyewe wa wiki mbili zilizopita.”

Amekua. Ni mdogo, lakini amekua vizuri. Nikakaa. Mzee Mikidadi akaniwekea mkono begani. Sikuutoa.

Jumatano, 3 Julai
Kazaliwa jana. Msichana. Kilo mbili na gramu mia saba, na sauti ya kuamsha wodi nzima. Mzima kabisa! Nimelia, niandike tu.

Nilipeleka gauni nililolishona kwa chati yangu. Mtoto alipotelea humo, mama yangu akawa anamtafuta mikono. Baba mkwe akaikunja mikono ya gauni mara tatu, na hilo liliuma zaidi. Samira, hoi kitandani, akasema, “Mume wangu, mshonee huyu aliyepo.”

Maneno mazuri. Nimeyaandika ili nisiyasahau.

Nimekata gauni jingine, nimepunguza inchi moja tu, maana atakua. Na nimefungua ukurasa mpya: kabila la mama, kabila la baba, urefu wa mtoto. Wodini walikuwamo watoto wachanga sita. Niliwapima wanne kabla nesi hajanitoa nje. Wawili waliobaki wanaruhusiwa kesho saa nne. Nitakuwa getini na futi.