Mali Namba 4118

Makumbusho Makuu yana furaha kuutangazia umma kwamba hakuna mtoto atakayepotea tena ndani ya vyumba vyake arobaini na viwili. Tatizo limekwisha kwa Waraka Namba Tisa, ambao Mkurugenzi aliutunga mwenyewe, kwa mkono wake, mlango ukiwa umefungwa.

Nasema kwa uhakika kwa sababu mimi ni mtumishi wa humo. Napangusa vumbi. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kazi ni kazi. Mimi nimeongeza kwamba vumbi halina upendeleo: linakaa kwenye kiti cha mfalme na kwenye chungu kilichopasuka sawasawa.

Zamani watoto walikuwa wakipotea kila wiki. Mmoja tulimkuta amelala fofofo ndani ya jeneza la jiwe, tena la mtu mwingine. Lakini vijiko vya kale havijapotea hata kimoja. Kwa nini? Vina namba. Mkurugenzi akaona mbali: mtoto naye apewe namba. Akiingia, anabandikwa kibandiko kifuani chenye namba, maelezo, hali na matumizi. Na kama ilivyo kwa mali zote, chenye namba hakitoki bila saini ya Mkurugenzi. Waraka ulisema kwa wino mzito: "Mali ni ile yenye kibandiko. Mlinzi asibishane na kibandiko."

Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, niliwaleta wajukuu zangu wawili. Mkubwa ni wa kike, ana miaka sita, tunamwita Maswali. Mdogo ni wa kiume, miaka mitatu, tunamwita Kimya. Mama yao alikuwa zamu.

"Mama, nawapitia saa kumi na moja hapo getini," aliniambia. "Usinipotezee wanangu."

Karani wa mlangoni alimpima Kimya kwa macho, juu mpaka chini.

"Maelezo?"

"Mtoto wa kiume."

"Hali?"

"Mzima, namshukuru Mungu. Mafua kidogo tu."

Akaandika: *Kinatoa majimaji.*

"Matumizi?"

"Mwanangu, mtoto wa miaka mitatu ana matumizi gani?"

"Bibi, fomu haiachwi wazi."

Akaandika: *Matumizi hayajulikani.* Nikaona ni haki. Akambandika 4118. Maswali alikuwa keshapewa 4117.

Tukatembea. Mbele ya kiti cha enzi Maswali akauliza mfalme alikuwa akikojoa wapi, na maelezo ukutani hayakugusia. Kimya, katika vyumba vyote arobaini na viwili, alipenda vitu viwili: mtungi wa kuzimia moto na ngazi. Ngazi tulizipanda mara tisa.

Saa kumi na moja kasoro robo tukafika mlango wa kutokea. Mlinzi wetu anaitwa Komeo, mtu mwaminifu, hajawahi kufungua kitu kwa haraka.

"Komeo, hawa ni wajukuu zangu. Unawajua."

"Nawajua sana, dada. Huyu mdogo juzi tu nilimbeba mgongoni."

"Basi fungua."

"Nilibeba mtoto. Hii ni namba. Saini iko wapi?"

"Na isipopatikana?"

"Saa kumi na moja nafunga. Mali isiyo na saini inaingia ghalani mpaka Jumatatu. Usijali, hakuna panya."

Kimya akaanza kubana miguu. Nikasali kimoyomoyo, sala fupi, maana muda haukuwepo.

Mungu si Athumani. Mkurugenzi akashuka na kalamu yake ya dhahabu na mpiga picha wa gazeti, waje kuonyesha jinsi Waraka unavyofanya kazi. Akamsainia Maswali, akambandua kibandiko, picha ikapigwa. Kisha akamnyanyua Kimya.

"Njoo kwa babu! Tabasamu!"

Kimya akapiga chafya. Kola yote ya koti ikapata sehemu yake. Halafu, kwa adabu, akabandua kibandiko chake akakibandika hapo hapo pa majimaji, kama anayefunika kosa.

Komeo akafungua daftari.

"Mtoto hana kibandiko. Huyo mgeni tu, apite." Akamgeukia Mkurugenzi. "4118, simama pembeni."

"Komeo! Una wazimu?"

"Maelezo: mtoto wa kiume. Kila mwanamume ni mtoto wa mtu. Hali..." Akainama, akaikagua kola. "Kinatoa majimaji. Sawasawa."

"Basi nakibandua!"

"Kubandua kabla ya saini ni wizi, mzee. Ibara ya nne."

"Basi nasaini!"

"Mali haijisainii. Ingekuwa hivyo, viti vyote vingeshaondoka."

"Nani aliandika upuuzi huu?"

Komeo akamwonyesha mlango wa ghala, kwa heshima. Kengele ya saa kumi na moja ikalia.

Binti yangu alikuwa getini. "Wako wote?"

"Wote," nikamwambia. "Mmoja mpeleke chooni mbio."

Jumatatu Naibu Mkurugenzi aliletewa fomu ya 4118. Saini yake inatosha kabisa kisheria. Ameahidi kuifikiria kwa makini, na anaifikiria mpaka leo, akiwa ameketi kwenye kiti cha Mkurugenzi. Wakati huo huo aliagiza mali isikae bure ghalani, ipelekwe Chumba cha Kumi na Moja, nyuma ya kamba. Mimi naipangusa kila asubuhi, kuanzia juu kwenda chini. Mwanzoni ilikuwa ikipiga kelele. Sasa imetulia, na uji inakunywa.

Jana mwalimu alipita na darasa lake. Akawasomea watoto kibandiko, neno kwa neno, mpaka mwisho: "Matumizi hayajulikani."

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayajulikani tangu lini?"

Mwalimu akanitazama mimi, mtumishi wa hapo. Nimefanya kazi humo miaka kumi na tisa, na uongo ni dhambi.

"Tangu aletwe," nikasema, nikaendelea na kiatu cha kushoto.