Kundi la Mtu Mmoja

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Sekondari ya Waliorudi Masomoni.

KUHUSU: OMBI LA KUFUTWA KWENYE ORODHA YA WANAFUNZI

Mwalimu,

Shikamoo. Naitanguliza kwa kuwa kanuni za shule zinataka mwanafunzi amwamkie mwalimu, ingawa kwa umri wewe ni sawa na kitinda mimba wa nyumbani kwetu, na kwingineko ningeketi nikaipokea.

Mimi ni yule kinyozi ninayekaa dawati la nyuma, karibu na dirisha lisilofungika. Naandika kwa masikitiko kuhusu karatasi uliyobandika langoni, "Ufaulu wa Hisabati kwa Makundi". Chini yake umeeleza kwamba majina hayakutajwa ili kulinda heshima ya kila mmoja. Nashukuru. Heshima yangu imelindwa hivi: "Wanaume waliozidi miaka arobaini: mwanafunzi 1. Ufaulu: asilimia 0."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shule ina wanafunzi ishirini na watano. Mwanamume aliyezidi arobaini ni mmoja, na ana kipara. Siri ya mtungi iliyokuwa ya kata sasa ni ya mtaa mzima. Mama mkwe, ambaye hajakanyaga kibandani kwangu tangu nimwoe bintiye, alikuja kunipa pole. Alinishika mkono kwa muda mrefu, kama mtu anayemfariji mfiwa.

2. Wateja wananidhihaki nikiwa kazini. Mwenye bucha, jirani yangu, alikalia kiti, akapakwa povu, kisha akauliza wanaume waliozidi arobaini wana ugomvi gani na asilimia. Nilimwomba anyamaze kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni mwake. Akasema basi nimpunguzie asilimia kumi, kama najua inapatikana wapi. Nilimpunguzia sharubu.

3. Mgawanyo wa makundi si wa haki. Wasichana waliojifungua wako kumi, wamefaulu tisa. Vijana waliofukuzwa shule nyingine wako wanane, wamefaulu sita, akiwemo yule aliyechoma maabara. Wanaofanya kazi mchana wako sita, wamefaulu watatu. Kule, aliyefeli anajificha nyuma ya wenzake. Mimi nikifeli, limefeli rika zima. Wahenga waliposema umoja ni nguvu hawakuwa wakizungumzia kundi la mtu mmoja.

4. Nimejaribu kujiokoa mwenyewe, nikashindwa. Kwanza niliomba kuhamia kwa wanaofanya kazi mchana, maana nami nanyoa mchana kutwa. Walikaa kikao wakanikataa, kwa kuwa wangetoka hamsini wakaangukia arobaini na mbili na ushee. Nikaenda kwa wasichana waliojifungua. Ni kweli sijajifungua, lakini mjukuu wangu hulala mgongoni kwangu kila kipindi cha Hisabati ili mama yake apate kuandika, na hata siku ya mtihani alilala hapohapo, kisha akaamka. Nikiingia kwao watashuka kutoka tisini hadi themanini na moja na ushee, jambo ambalo watu wenye huruma wanaweza kulivumilia. Wote walikubali isipokuwa binti yangu mwenyewe, aliyecheka hadi akatolewa darasani. Mwisho nilimshawishi mwenye bucha ajiandikishe. Yuko tayari. Kichwa chake nakifahamu, na sitarajii makubwa kutoka humo. Sifuri ya watu wawili bado ni sifuri, lakini angalau ina mwenzake wa kuzungumza naye.

5. Hili ndilo kubwa. Ulituambia kwamba wakaguzi wanataka ufaulu wa asilimia sabini na tano, la sivyo shule ifungwe na jengo lirudi kuwa ghala la rangi. Tumefaulu kumi na wanane kati ya ishirini na watano, yaani sabini na mbili. Mimi nikiondoka tunabaki ishirini na wanne, na kumi na wanane kati ya hao ni sabini na tano kamili, bila kupungua hata punje. Shule inapona. Mwalimu, sijui kwa nini hukunifukuza mapema.

Nilijiandikisha kwa sababu binti yangu alikataa kurudi shule peke yake, na mtoto mgongoni, watu wakimtazama. Nikamwambia twende wote, watutazame wawili. Sasa amefaulu, ana marafiki, na kazi yangu ya kumsindikiza imekwisha. Sikufichi, inaniuma. Nilikuwa nimeanza kuipenda shule, hata ile harufu ya rangi.

Kwa hiyo naomba unifute kabla ya mtihani wa marudio wa Jumamosi.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa langoni, wasichana wote kumi, na yule kijana wa maabara, umwambie amefanya vizuri.

Ni mimi mtiifu wako,
Wanaume Waliozidi Miaka Arobaini (wote).

Nyongeza: Nilimpa binti yangu barua hii aipitie kabla sijaileta. Aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena na kalamu nyekundu mkononi. Anasema hesabu zote ni sahihi, na kwamba ndizo zilezile nilizokosa kwenye mtihani. Anasema pia kwamba kuna moja sikuipiga kabisa: nikibaki, kisha nikafaulu. Nimeipiga sasa hivi. Kumi na tisa kati ya ishirini na watano ni sabini na sita. Nimeirudia mara kadhaa na haitaki kushuka. Naomba basi uyapuuze yote yaliyoandikwa hapo juu, na karatasi ya langoni uiache ilipo, niirekebishe mwenyewe kwa mkono wangu. Jumamosi nitakuja. Binti yangu ameniambia siku hiyo mtoto atalala mgongoni kwake. Na mwenye bucha akija kujiandikisha, mwambie kundi limejaa.