Albamu ya Fujo Tupu na Lundo la Pamba

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nyanda hana haya. Leo sokoni Bariadi kanitangazia mbele ya wauza dagaa kwamba jina Fujo Tupu ni lake. Lake! Mimi Mayige ndiye niliyeanzisha bendi hii, bendi ya panki, muziki wa kelele na hasira, ya kwanza na ya mwisho mkoa mzima wa Simiyu, yeye akiwa bado anachunga ndama. Alikuwa mpiga dramu tu. Alinuna, akaondoka na dramu zake, na sasa anataka na jina.

Tumekubaliana tushindane kama wacheza ngoma wetu wanavyoshindana: Jumamosi, uwanja wa Somanda, yeye upande huu, mimi upande ule, wote kwa wakati mmoja. Atakayevuta watu wengi anabaki na jina. Nilikubali mara moja kwa sababu nina silaha, albamu mpya. Kasoro ni moja tu, haijarekodiwa.

Jumanne, 17 Juni

Mazoezi nyumbani. Jirani yetu Milembe akatokea na mwiko mkononi. Anadai kuku wake wameacha kutaga.

Si kitu! Shemeji Maganga anatunza ghala la pamba la chama cha msingi cha wakulima. Nimemwambia kwaya yetu inahitaji mahali pa kurekodi. Aliitazama suruali yangu, pini na minyororo, akauliza kwaya ya wapi. Ya Lamadi, nikasema. Akatoa ufunguo.

Jumatano, 18 Juni

Tumerekodi! Luhaga, mpiga gitaa wetu, alilalamikia mgongo tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, lakini alipiga. Salu, mpiga besi, alikata nyuzi kwa hasira. Mimi niliimba "Sipangi Foleni" mpaka popo wakahama ghala.

Tulitumia simu ya mke wangu Domitila. Hajui. Luhaga alionya kwamba kelele zetu zingeipasua. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi: nikaizika simu katikati ya lundo la pamba, chini kabisa. Salama salimini!

Nimeisikiliza albamu nikiwa nimeibana simu sikioni. Safi sana. Luhaga anasema haisikiki, eti ni kama mtu anapuliza uji wa moto chumba cha pili. Nimemwambia masikio yake yamezeeka. Yangu yamekomaa.

Ijumaa, 20 Juni

Njama! Nyanda kaazima chatu kwa wacheza ngoma wa Mwamanyili. Nani ataangalia gitaa wakati kuna chatu? Nilitafuta fisi, sikupata. Nikamchukua kondoo wa Milembe, nikampaka kichwa rangi nyekundu, nywele zisimame kama zangu za ujana. Milembe alikuja tena na mwiko. Safari hii aliutumia.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya aibu.

Tulifungulia albamu kwenye spika kubwa, sisi tukirukaruka mbele, kwa kuwa mgongo wa Luhaga ulikataa kubeba gitaa tena. Ng'ambo, Nyanda alitwanga dramu na watu wote wakamkimbilia. Moyo wangu ulikufa. Kisha chatu akapanda dramu kubwa, akajiviringisha juu yake, akalala. Nyanda akabaki na vijiti hewani. Nani amguse?

Uwanja ukawa kimya. Ndipo albamu yetu ikasikika: fuu, fuu, fuu. Mtoto mchanga aliyekuwa akilia akanyamaza. Mama yake akaja kukaa karibu na spika. Wakaja wengine na watoto wao. Wakaja wazee. Wakaketi, wakajinyoosha, wakalala! Nikapanda juu ya spika, nikapiga kelele wafanye fujo. Akina mama wakaniambia nikiamsha mtoto hata mmoja watanitupa kwa chatu.

Jina ni langu. Umati wote ulikuwa kwangu, ukikoroma. Miaka yote hii ya kutisha watu, na nimeshinda kwa kubembeleza watoto! Nilirudi nyumbani nikilia. Domitila akadhani nimeshindwa, akanipikia wali.

Jumapili, 22 Juni

Nyanda kaja. Nilishika jembe. Akasema hakuja kwa ugomvi. Tangu aondoke bendi hapati usingizi, na jana chatu alilala lakini yeye hapana. Anaomba nakala ya albamu. Nikamchezea wimbo wa kwanza. Kabla ya kiitikio alikuwa amelala kwenye kiti changu, mdomo wazi. Nimemfunika kitenge. Nilimkumbuka sana mshenzi huyu, sitaficha.

Alipoamka nikamrudisha kwenye dramu. Akauliza, kwa upole, tatizo la sauti lilikuwa nini. Luhaga, aliyekuwa amekuja kuomba dawa ya mgongo, akadakia kwamba ni pamba. Mjinga! Nimelitafakari jambo hili vizuri na jibu liko wazi: simu haikufunikwa vya kutosha, kelele zikavuja, ukali ukatoka nazo.

Albamu ijayo haitavuja. Godoro la Domitila limejaa pamba safi kabisa, na leo kaenda ibada ya jioni baada ya kuitafuta simu yake kila mahali. Simu yake nimeshaishonea ndani. Inaita.