Tabaini Inayokula Kila Kitu

Jumatatu, 3 Novemba
Siku kubwa! Tabaini imewashwa. Ni injini kama ya ndege, imelala ndani ya kontena nyuma ya kiwanda chetu cha unga. Inazalisha umeme, na joto la moshi wake linakausha mahindi yanayofika kutoka Moi's Bridge yakiwa bado na maji. Fundi aliyeileta alisema inakula gesi, dizeli, hata mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Mama Habiba, mwenye kiwanda, akatangaza kwamba Ijumaa atachagua msimamizi wa mtambo. Tuko wawili tu, mimi na Mildred. Yeye anasoma kitabu cha maelekezo hata akinywa chai. Namhurumia. Nimemwambia mke wangu Nelima aanze kuniita Msimamizi. Amesema Msimamizi akamwage takataka.

Jumanne, 4 Novemba
Mama Habiba amelalamika kwamba dizeli inaisha upesi. Nafasi yangu! Nimezunguka mjini na mitungi nikitafuta mafuta yaliyokwisha kukaangia. Wauza chipsi wote wamekataa, wana mteja wao. Benta, anayekaanga samaki sokoni, amenijazia mitungi minne, tena kwa moyo mweupe. Mildred aliniuliza kama nimesoma ukurasa wa kuchuja. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa vitendo. Jioni, Nelima akiwa kwa dada yake, nimechuja mafuta yote kwa pazia la sebuleni. Nimelifua, nikalirudisha. Ni lile lile, ila sasa lina rangi ya chai.

Jumatano, 5 Novemba
Nelima ameuliza kuhusu pazia. Nimesingizia jua. Alilishika, akalinusa, lakini mimi nilikuwa na kazi kubwa mbele. Mildred alipoenda kula nikamimina mitungi yangu kwenye tangi la akiba, nikaitoa tabaini kwenye dizeli na kuilisha mafuta yangu. Tabaini haikukohoa! Taa hazikufifia hata kidogo. Nilikaribia kulia. Nimeandika hotuba fupi ya kupokea cheo, na nimeazima kofia ya plastiki kwa fundi wa nyumba hapa Yamumbi.

Alhamisi, 6 Novemba
Paka. Asubuhi walikuwa saba, wameketi kwa adabu chini ya kikaushio cha mahindi. Kufikia adhuhuri, kumi na wanne. Githinji, mlinzi wa lango, alitaka kujua wametoka wapi. Nikamweleza ni mambo ya panya. Saa kumi jioni tabaini ikakohoa, ikazimika. Mashine zote kimya. Mildred akafungua chujio, akatoa magamba ya samaki na uzi mrefu wa pazia.
"Ulichuja na nini?" akaniuliza.
Nikasema hiyo ni siri ya kitaalamu. Akasafisha, akawasha kwa dizeli, dakika ishirini tu. Hakumwambia mtu. Niliona aibu, karibu dakika nzima.

Ijumaa, 7 Novemba
Mama Habiba aliagiza unga mpya upikwe ugali, tukaonja sote kabla ya tangazo. Akamega tonge, akatafuna polepole, akanigeukia.
"Mabonga, hii ugali imekuja na samaki yake."
Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani nimesifiwa. Nikasimama na kofia kichwani kutoa hotuba. Nilifika sentensi ya pili, Mama Habiba akanikatiza. Unga wote wa tangu Jumatano utalishwa kuku. Msimamizi ni Mildred. Mimi nitaosha chujio kila asubuhi. Imeniuma, sitaficha. Mildred alinipa brashi na kile kitabu, akaniomba kwa upole nianze na ukurasa wa kuchuja.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefikiria upya. Bila chujio hakuna mafuta, bila mafuta hakuna tabaini, bila tabaini hakuna msimamizi. Kwa hiyo Mildred yuko chini yangu, ila hajaambiwa. Tena kosa lilikuwa la samaki, mpango wenyewe hauna dosari. Kuna mama mmoja kule Ainabkoi anayekaanga mandazi pekee. Ameahidi mitungi sita kufikia Jumatatu. Kitabu nimekiweka chini ya mguu wa meza, haiyumbi tena. Kitabu kizuri kweli. Nelima ameenda mazoezi ya kwaya. Nimekagua pazia la chumba cha kulala. Matundu yake ni madogo zaidi.