Kuhusu Masomo Yanayovuja Dirishani Kwenu

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya ng'ambo ya ukuta wetu.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, hata kama umri wetu unalingana, maana cheo nacho ni umri. Pole na kazi ya kulea watoto wa watu. Sisi huku hatujambo, ila vumbi tu.

Mimi ni mmoja wa akina mama wanaoponda kokoto hapa machimboni, nyuma ya shule yako. Ukisimama karibu na vyoo vyenu ukachungulia juu ya ukuta utaniona: mwenye kitambaa cha kichwa ambacho zamani kilikuwa cha kijani. Nimesoma mpaka darasa la pili, kwa hiyo usishangae herufi zangu zikilalia upande mmoja. Zimechoka kama mwenyewe. Kuandika bado naweza, kusoma ndiko vumbi limeninyang'anya macho. Leo asubuhi nilikuja kwa miguu yangu nikuone, lakini mlinzi wa getini akasema ofisini haingii mtu mwenye ndala, na mimi hata hizo ndala sikuwa nazo. Kwa hiyo barua hii nitaifunga kwenye jiwe niirushe kwenu. Usiogope, nimechagua jiwe dogo, tena la mviringo.

Nina malalamiko dhidi ya shule yako. Nayaandika kwa adabu.

La kwanza. Masomo yenu yanavuja. Dirisha la darasa la tatu linatazama kwetu na halina kioo. Mwalimu wa darasa hilo, yule dada ambaye sisi huku tumempa jina la Kengele, akifungua mdomo maneno yanaruka ukuta na kumwangukia binti yangu wa miaka tisa, anayekaa kando yangu na nyundo yake ndogo. Watu husema ukuta una masikio. Wenu una na mdomo. Mtoto hakuandikishwa, hana sare, hakuomba, na sasa anajua mambo, hata kusoma: herufi nilimchorea mimi vumbini, kuziunganisha akafundishwa na sauti ya Kengele. Mngekuwa mnamwaga maji namna hiyo, bwana afya angeshafika.

La pili. Hesabu zenu zimeingia kwenye nyundo. Tuko kumi na mmoja hapa, wakubwa watatu, waliobaki wote watoto. Zamani kila mtu aliponda kwa mwendo wake. Siku hizi tunapondea jedwali la saba. Saba mara moja, pa! Saba mara mbili, pa! Wiki iliyopita Kengele alisita katikati ili amkemee mtoto anayetafuna karatasi, nyundo kumi zikabaki hewani zikimngoja. Ya kumi na moja haikungoja, maana ni ya bibi anayekaa kulia kwangu, naye hasikii vizuri. Ikamtua kwenye kidole gumba. Bibi anauliza, mwanafunzi akiumia masomoni, wazazi wake huitwa? Wake walishakufa, lakini anauliza tu.

La tatu. Mnatuacha njiani. Kila siku kabla ya saa nne lori linakuja kubeba kokoto, na ngurumo yake inameza kila neno mpaka mnapotoka mapumziko. Kwa hiyo tunajua saba mara sita ni arobaini na mbili. Kutoka hapo kwenda mbele ni giza. Hilo tungelivumilia. Lakini Jumanne Kengele alisoma hadithi ya punda aliyesimama katikati ya daraja, mbele hataki, nyuma hataki, mwenyewe anamvuta kamba na kumbembeleza, mto unajaa, unajaa, na lori likaja. Mwalimu, huyo punda tunalala naye. Bibi anasema afe maji tu, mkaidi dawa yake ni mto. Mpakiaji wa lori anasema punda hasimami bure, lazima ameona ubao uliooza, mwenye upofu ni yule anayevuta kamba. Wameshagombana mpaka hawasalimiani. Binti yangu alisogeza tu jiwe lake la kukalia, akaliweka karibu zaidi na ukuta wenu.

La nne. Hili limeniponyoka. Likinijia nitaliandika.

La tano. Mmeniharibia mgongo. Kuna mchuuzi anayetuuzia dawa ya kuchua, iko kwenye kopo jekundu. Nimeipaka miaka miwili, mgongo ukawa safi kabisa, nainama na kuinuka kama mwari. Mwezi uliopita binti akalishika kopo, akaligeuza geuza, akasoma kwa sauti mbele ya watu: Kwa mifugo tu, usipake karibu na kiwele. Tangu siku hiyo mgongo umerudi kuuma. Dawa ni ile ile, kopo ni lile lile. Kilichoongezeka ni kusoma.

La sita. Mmemgombanisha binti yangu na msimamizi. Mlangoni mwa machimbo kulikuwa na kibao ambacho msimamizi alikuwa anatundikia koti lake. Binti akamwambia, kwa heshima zote, mjomba, kibao hiki kimeandikwa Hatari, watoto hawaruhusiwi eneo hili. Msimamizi akakitazama kibao, akawatazama watoto wanane wenye nyundo, akakitazama tena kibao. Akaona kimoja kati ya hivyo lazima kiondoke. Akaking'oa kibao. Sasa koti hana pa kulitundika, na hasira za koti anatumalizia sisi.

La saba. Kwenye ukuta wenu, upande wetu, kuna maandishi makubwa ya bluu. Miaka yote tulidhani ni onyo la kutokojoa hapo, na tukaliheshimu. Binti amesoma, kumbe ni Elimu ni bure kwa kila mtoto. Tulipiga vigelegele, Mwalimu, bibi akacheza na kidole chake kibovu. Halafu binti akainama akasoma herufi ndogo za chini: kila mtoto aje na sare mbili, viatu vyeusi, dawati, ufagio na cheti cha kuzaliwa. Kumbe bure yenyewe ina mkia! Ufagio tunao. Kuzaliwa pia amezaliwa, mimi nilikuwepo. Cheti ndicho hakikuzaliwa naye.

Lile la nne limenijia. Niseme kweli, halikuniponyoka, nilikuwa nalikwepa. Juzi wakati wa kula binti alijipangusa vumbi mikononi, akaniuliza, mama, mimi niko darasa la ngapi? Maswali ya mtoto huyu mimi huyajibu yote, nisipojua natunga. Hili sikuweza kulitungia. Nikamwambia kula kwanza, chakula kinapoa. Kilikuwa kimepoa tangu asubuhi.

Sasa, Mwalimu Mkuu, yafuatayo ni maombi yangu.

Kwanza nilitaka kusema mlizibe hilo dirisha. Nikafikiri, wakiliziba wale watoto sitini watapikika humo ndani, na mimi ni mzazi, roho inaniuma. Nikasema basi ukuta uongezwe urefu. Lakini ukuta unataka kokoto, kokoto tunaponda sisi, na siwezi kumpa mwanangu nyundo nimwambie ponda mawe ya kujizibia. Nikasema basi Kengele awe ananong'ona. Hapo bibi atakosa kila kitu.

Ndipo nikakumbuka kwangu. Paa likivuja hatuizuii mvua. Tunaweka ndoo chini ya tundu. Basi mwekeni binti yangu hapo hapo chini ya dirisha, kwa ndani, ayakinge masomo kabla hayajatoka. Ni mwembamba, hatabana mtu. Dawati asitafutiwe, atakuja na jiwe lake, wamezoeana. Na kwa kuwa mvua ya Kengele ndoo moja haiimudu, wako wengine saba wa rika lake hapa. Mkiwachukua wote wanane, naapa halitatoka neno hata moja kuja huku, na sisi wakubwa watatu tutarudi kuponda kijinga kama zamani, kwa amani. Msimamizi naye ataweza kurudisha kibao chake na kutundika koti.

Mkikataa, sisi pia tuna midomo. Tutaanza kuimba, na ujinga wetu utavuka uje huko kwenu. Tusilaumiane.

Nisalimie walimu wote, na mpishi wenu, ambaye moshi wake tunaufahamu zaidi kuliko sura yake. Msalimie mlinzi, mwambie miguu nimeosha. Msalimie Kengele, mwambie anywe maji ya moto, Jumatatu sauti ilikwaruza na bibi alikosa nne mara nane. Na yule mtoto anayekaa dirishani na kusinzia, kichwa chake tunakiona kikipanda na kushuka, naye msalimieni. Msimwamshe kwa kiboko. Mwambieni tu kuna mtu huku nje angependa kusinzia hapo kwa zamu.

Mimi mama yake,
wa upande wenye vumbi.

Nyongeza: Barua hii niliianza jana. Leo asubuhi, kabla sijaifunga kwenye jiwe, nimekuta dirisha limezibwa kwa bati. Mlinzi amenieleza: jana wakati ananifukuza nilimfokea kwamba masomo yenu yanatusumbua, naye akayafikisha ofisini kama yalivyo. Mwalimu, tangu nizaliwe nimelalamikia maji, njia, lori na mgongo, sijasikilizwa hata siku moja. Hili la kusikilizwa lingekuja kwa jambo lingine! Leo nyundo zinapiga ovyo, kila mtu na lake. Hata msimamizi ameuliza mbona Kengele hasemi. Binti yangu amebandika sikio ukutani tangu asubuhi na sina nguvu ya kumwambia aponde. Basi yote niliyoandika hapo juu, la kwanza mpaka la saba, nimeyafuta. Mgongo na uume. Kidole cha bibi kimepona. Litoe bati hilo, Mwalimu wangu, na kama lote haliwezekani, lisogeze kidogo tu, upana wa sikio la mtoto. Punda yuko darajani tangu Jumanne, na mto unajaa.