Mkono Mmoja wa Sweta la Bluu

Jumanne, 4 Machi

Leo nimejiunga na chama cha wafumaji. Si kama mwanafunzi. Hilo nililiweka wazi nikiwa bado mlangoni. Nimejitolea kuwa mtunza kabati lao la nyuzi, mimi niliyetunza stoo miaka thelathini na moja bila kupotea hata msumari.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Mke wangu alifariki miezi minane iliyopita akiwa ananifumia sweta la bluu. Kifua tayari. Mgongo tayari. Kola tayari, maana kola ndiyo aliyokuwa akijivunia, hakuweza kuingoja. Mkono wa kushoto tayari. Mkono wa kulia haupo. Sweta limekaa kwenye mfuko wake, juu ya kiti chake, na binti yangu kila akija ananiambia nilipeleke chamani. Kwao ndiyo desturi. Mwenzao akifariki, kazi aliyoiacha humaliziwa na wote, kila mtu safu yake. Sitaki! Sweta hili litamaliziwa na mtu wa nyumba hii. Nyumba hii imebaki na mtu mmoja.

Tatizo la kwanza: sijui kufuma. Tatizo la pili: siwezi kuuliza. Miaka sita iliyopita, kwenye sherehe ya chama hikihiki, nilisimama bila kuombwa nikasema kufuma ni kazi ya kukaa tu, mwanamume mwenye akili zake anajifunza alasiri moja. Wote walikuwepo. Mke wangu alicheka kuliko wote. Nilidhani ananiunga mkono.

Mpango ni huu. Nikae kabatini, mgongo kwao, masikio kwao. Wakifundishana mikono ya sweta, nisikie. Kazi kwisha.

Chumba chao kipo juu ya duka la viatu. Viti kumi na viwili kwa duara, dirisha moja kubwa, na ukutani bango: ANAYEJUA AKAE NA ASIYEJUA. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mtaa na bado anakutazama kana kwamba anasubiri usukume. Yupo pia Bucha, muuza nyama wetu wa zamani. Vidole vinene vile, anafuma soksi za mjukuu zinazoingia kwenye kidole gumba changu. Nilimsalimia kwa mbali. Mtu huyu aliwahi kutuuzia mfupa mtupu siku tuliyokuwa na wageni. Sijasahau.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya pili ya chama. Kabati lilikuwa aibu tupu. Nimelipanga upya kwa saa tatu: nyeupe na nyeupe, kijani na kijani, bluu na bluu. Madonge kumi na moja ya bluu, yamesimama mstari kama askari. Kila donge lilikuwa limevishwa ukanda wa karatasi, mwingine umechorwachorwa kwa penseli. Uchafu. Nimezivua karatasi zote, nimezikusanya, nimekwenda kuzichoma uani. Kwa utaratibu.

Nikangoja kupongezwa.

Mkunga alifungua kabati, akafunga, akafungua tena. Akaniuliza karatasi ziko wapi. Nikamwambia zimeshughulikiwa. Akakaa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mzazi wa mtoto mgonjwa, kwamba zile zilikuwa na namba za pipa la rangi. Nyuzi mbili zilizochovywa mapipa tofauti hufanana zikiwa madonge, lakini ukizifuma pamoja kila moja inaonyesha kwao. Nguo inatoka na mistari.

Halafu akaniambia lingine. Katika yale kumi na moja, matatu yalikuwa ya mke wangu. Aliyaweka pembeni mwenyewe kwa ajili ya mkono wa kulia. Wameyatunza miezi minane wakinisubiri.

Bucha akajitolea tukayalinganishe dirishani, kwenye mwanga. Nilimwambia mambo ya stoo hayahusiani na mambo ya buchani. Akasema sawa, mzee mwenzangu, akarudi kwenye soksi zake. Hata hasira hana. Mtu wa namna hiyo unagombana naye vipi?

Jumanne, 11 Machi

Kabatini hakusikiki kitu. Milango minene. Mkunga amenitoa huko, akanipa sindano mbili na donge la kijivu, akasema mikono isiyo na kazi inaleta balaa. Kulinda heshima nikatangaza kwamba nafuma skafu, kwa lengo la kupima ubora wa uzi tu.

Nimefuma safu ishirini. Nilianza na vitanzi thelathini. Nimemaliza na arobaini na vinne. Sijui vingine vilitoka wapi, sikuvialika.

Wana desturi moja ya ajabu. Mwisho wa kikao kila mtu anampa jirani wa kulia kazi yake. Jirani anaipitia, na kila penye kosa anafunga kipande cha uzi mwekundu. Hasemi neno. Unakwenda nyumbani, unarekebisha, unaondoa uzi wako mwekundu mwenyewe. Jirani yangu wa kulia ni nani? Bucha! Skafu yangu imerudi na nyekundu kumi na tisa. Akaninong'oneza kuwa yake ya kwanza ilikuwa na thelathini. Uongo. Wema wake ndio anaonikanyagia.

Kisha wakaanza kumzungumzia mke wangu. Kola zake. Kola inayolala yenyewe shingoni, haijikunji, haisimami. Hakuna mwingine anayeijua. Alipanga kuwafundisha wiki ileile aliyolazwa. Mkunga akaniomba, kwa heshima zote, nilete sweta waitazame kola tu. Nikamjibu kuwa sweta lilishakwisha kitambo, na kwamba nalivaa nyumbani.

Akasema mficha uchi hazai. Akarudi kwenye kazi yake. Sidhani kama ni lugha ya kutumia mbele ya skafu ya mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi. Nimepata njia!

Stooni ikija mashine haina kitabu cha maelezo, tulikuwa tunaifungua kipande kwa kipande, tunaandika kila kipande, halafu tunairudisha. Sasa basi. Mkono wa kushoto wa sweta ndio mashine yenyewe. Mke wangu aliufuma kutoka begani kushuka, akamalizia kwenye kiganja. Nikianzia kwenye kiganja, nikafumua safu moja moja huku naandika, nitakuwa na maelezo yote kwa mkono wake mwenyewe. Sitahitaji mkunga. Sitahitaji Bucha.

Nimekunywa chai. Nimefuta meza. Daftari, penseli, miwani. Nimekata kifundo kidogo cha mwisho.

Safu ya 1: uzi. Unakuja vizuri.

Safu ya 2: uzi.

Safu ya 3: uzi.

Saa sita mchana

Safu ya 74: uzi.

Daftari zima nimeandika neno moja. Kitanzi kikishavutwa hakikuambii kilikuwa nani. Nilipofika kwenye kiwiko nilijua, lakini nikaendelea, nikidhani pengine safu inayofuata ndiyo itakayosema. Nikajaribu kurudisha. Vitanzi vikateremka vyenyewe hadi begani, mbele ya macho yangu.

Mkono wa kushoto haupo. Mezani kuna lundo la uzi uliojikunjakunja. Alikuwa akiufuma akiwa ameegemea mto, ameshaanza kuumwa, akinigombeza ninyooshe mkono apime.

Nimelia. Naandika kwa sababu ndiyo kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Binti yangu amekuja bila taarifa. Nilitupia kitambaa cha meza juu ya lile lundo. Nikamwambia nafanya usafi. Akauliza usafi gani wenye nundu chini ya kitambaa. Akafunua.

Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akaushika uzi, akaupitisha vidoleni muda mrefu. Kisha akaniuliza naogopa nini. Nikasema siogopi kitu. Akasema hicho ndicho anachoogopa yeye.

Amempigia simu mkunga nikiwa hapohapo. Nimemwambia amenisaliti. Amenipikia chakula, ameosha vyombo, ameondoka. Nyumba imekuwa kimya kupita jana.

Jumanne, 18 Machi

Nilijikaza kisabuni nikaenda. Nilisimama katikati ya duara na mfuko mkononi, nikasema yote. Sweta halijakwisha. Sijawahi kulivaa. Sijui kufuma. Nimefumua mkono wake. Sauti ilinikatika kwenye neno mkono.

Hakuna aliyecheka. Mkunga alinivutia kiti. Akaniambia nisichokijua. Siku ile ya sherehe, nilipojigamba, mke wangu alipomaliza kucheka aliwaambia wenzake, huyu ipo siku atakuja. Atapitia mlango wa nyuma, lakini atakuja. Mumpokee.

Miaka sita walikuwa wakinisubiri, na mimi nimeingia kupitia kabati.

Akaniuliza pia kama kwenye zile karatasi nilizochoma niliona maandishi ya penseli. Mke wangu alikuwa na mazoea ya kuandika hesabu za vitanzi kwenye ukanda wa donge. Mkono wa kulia, kuanzia wapi, kupunguza wapi, vyote vilikuwa pale. Nilikumbuka jinsi zilivyowaka vizuri.

Basi wakaanza kazi. Uzi uliofumuliwa hukumbuka mikunjo yake, kwa hiyo huoshwa na kutundikwa na kitu kizito unyooke. Bucha alikwenda mbio nyumbani kwake akarudi na jiwe la mizani, la kilo moja. Tukautundika uzi wa mke wangu dirishani, ukining'inia na jiwe lile, ukichuruzika maji kwenye ndoo. Kisha madonge kumi na moja ya bluu tukayapanga kwenye mwanga, kumi na wawili tumeinama. Mawili ya mke wangu mkunga aliyatambua upesi. La tatu liligoma. Ni Bucha aliyeliona. Alisema alikata nyama miaka arobaini, nyekundu mbili hazimdanganyi, seuze bluu.

Nilimshukuru. Iliniuma kidogo, lakini nilimshukuru.

Nimejifunza. Naandika ili nisisahau: kuuliza si aibu. Na kinachotazamwa kwa macho kisiguswe kwa vidole.

Jumamosi, 26 Aprili

Sweta limekwisha!

Mkono wa kushoto wameufuma wao, kila mtu safu yake, kwa uzi uliooshwa na kunyooka. Mkono wa kulia nimeufuma mimi, safu kwa safu, Bucha akiwa pembeni yangu vikao vyote. Leo alifunga nyekundu mbili tu. Mkono wangu umebana, na ni mfupi kwa vidole viwili. Nikinyoosha mikono naonekana naelekeza njia. Sijali. Nimelivaa mbele yao, na binti yangu alikuwepo, akageukia dirishani akajifanya anatazama barabara.

Kifua, mgongo na kola ndivyo vilivyobaki vya mkono wa mke wangu. Kola ililala shingoni kama walivyosema. Walinizunguka wote wakiangalia, mikono nyuma, kama watoto dukani. Mkunga akapendekeza Jumanne tukae nayo pamoja. Mmoja atazame, mmoja ahesabu, mmoja aandike, mmoja ajaribu kwenye uzi mpya. Taratibu, hata ikichukua mwezi. Sweta lenyewe lisiguswe.

Ilikuwa imeishia hapo. Lakini Bucha, akiwa ameinama nyuma ya shingo yangu, akasema anadhani ameanza kuiona ilivyofanywa.

Kitu kikanipanda. Kola ya mke wangu! Ifumbuliwe na mtu aliyetuuzia mfupa! Nikasikia sauti yangu ikisema hakuna haja ya kusumbuka. Kwamba mke wangu alinifundisha kola ile mwenyewe, hospitalini. Kwamba Jumanne nitawafundisha.

Mkunga akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza mara ya pili, polepole. Nikasema ndiyo, Mama Mwenyekiti, hakika kabisa. Wakapiga makofi. Bucha alipiga kuliko wote.

Jumatatu, 28 Aprili

Asubuhi tulivu. Binti yangu amepiga simu kuuliza kama nahitaji chochote. Nimemwambia sihitaji. Ameuliza kuhusu kesho. Nimemwambia kesho iko tayari.

Nimetazama kola tangu alfajiri. Kwa macho tu. Macho hayaoni kitu.

Bucha anakaa mitaa miwili kutoka hapa. Ningemwita angefika kabla chai haijapoa, na asingemwambia mtu. Nimelifikiria hilo kwa haki. Nimeliacha.

Kosa la mara ile sasa nalielewa vizuri. Halikuwa kosa la njia, lilikuwa kosa la daftari. Sikuchora safu wima. Sikuweka namba kwenye vitanzi. Sikuwa na ujuzi. Leo daftari nimelipigia mistari kwa rula, na kufuma najua. Tena nitafumua safu mbili tu. Nyuma ya shingo, mahali ambapo hata mtu haoni.

Sweta liko mezani. Mikono yake nimeikunja pembeni isinisumbue. Dirisha liko wazi, mwanga wa kutosha. Nimekipata kifundo chake cha mwisho. Ni kidogo sana, alikificha vizuri. Nimekikata.

Safu ya 1: uzi. Unakuja vizuri.